Ua Usiodai Maji

Tezo, kaskazini ya Kilifi katika barabara ya Malindi, nilimkuta shangazi yangu ameng'oa nyasi zote za uani. Udongo wa kichanga haushibi. Mfereji ulipokauka, alinunua maji ya madumu ili nyasi zisife. Sasa ametandaza changarawe za matumbawe, na masika yalipoanza akapanda mishubiri chini ya mkilifi. Asumini hunyweshwa maji ya udhu yaliyokingwa kwa beseni. Nilidhani ua umepoteza haiba yake, hata nilipomwona baada ya Alasiri ameketi mkekani akisoma Qur'ani, saa ambayo zamani ilimkuta ameinamia ndoo. Dini yetu yakataza israfu ya maji hata katika udhu, seuze katika nyasi.