Kibaba Kisichojaa

Haba na haba hujaza kibaba, walinena wahenga. Ipo hata hivyo hadithi kongwe ambamo haba ilifuatana na haba hadi ghala la mfalme likashindwa. Ibn Khallikan, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1282, anasimulia juu ya Sissa, anayesemekana kubuni mchezo wa sataranji huko Bara Hindi. Alipotakiwa kutaja tuzo yake, aliomba ngano tu: punje moja katika mraba wa kwanza wa ubao, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na vivyo hivyo maradufu hadi mraba wa 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo mno.

Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615. Al-Biruni aliikokotoa yapata mwaka 1000, bila kujumlisha mraba baada ya mraba. Njia ya mkato ipo: chukua 2, uizidishe kwa yenyewe, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe, hadi itimie mara sita; mwishowe utoe 1. Ikiwa kilo moja ya ngano ina punje 25,000, deni hilo linapita tani bilioni 700. Dunia ya leo, inayovuna takriban tani milioni 800 kwa mwaka, ingelilipa kwa zaidi ya karne tisa.

Ajabu nyingine imo ndani ya nambari yenyewe. Ukiivunjavunja utapata vigawo saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kila kimoja ni nambari tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 hufuatwa na tasa nyingine, 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa hiyo ni zao la 641 na 6,700,417. Kiswahili kimeziita tasa, jina la asiyezaa. Kumbe tasa saba ndizo zilizolizaa jitu hili!

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba hesabu ina wenyewe. Husahau jinsi Mswahili anavyohesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni urithi wa Kibantu. Sita, saba, tisa na elfu zina asili ya Kiarabu. Laki ilitoka Bara Hindi, ilikotoka sataranji yenyewe. Deni la Sissa, basi, linatamkika: milioni kumi na nane za milioni za milioni, na ushei. Shule za msingi za umma nchini Tanzania hufundisha hisabati kwa lugha hii. Nchini Kenya, Kiingereza ndicho kinachotawala somo hilo. Kinachopungua si msamiati. Ni mwalimu atakayeweka punje ya kwanza ubaoni.