Feni Zimezimwa, Gololi Inabembea

Mzee alichomoa mikromita mfukoni mwa shati hata kabla muuza beringi hajamaliza kuitikia salamu. Tulikuwa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye vichochoro vya vipuri ambako gari likifa leo, kesho unalikuta limepangwa vipandevipande juu ya turubai. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Oktoba, na mabati yalikwishaanza kutema joto. Kijana wa dukani akamimina kopo la gololi za chuma juu ya meza, na Mzee akaanza kuzibana moja moja, akisoma milimita kwa sauti ya chini kama mtu anayevuta tasbihi.

"Ishirini kamili. Ishirini kamili. Hii imelika, mwanangu, irudishe."

Tuliondoka na gololi 15 na bunda la mshipi wa kuvulia samaki. Gololi ni 15 kwa sababu stendi zilizo nzima maabara ni 15. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza watakuwa 180, watatu watatu kwa kila stendi, 45 kwa kipindi, vipindi vinne kwa wiki. Mzee ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja cha hapa jijini, na hesabu hiyo anaijua kama anavyojua idadi ya wajukuu wake. Wiki moja kabla chuo hakijafunguliwa, yeye, mhadhiri wake na wahadhiri wasaidizi wawili walikuwa wanalipanga upya somo la maabara la mwaka wa kwanza. Niliomba nikae nao, wakanikubalia.

Niliomba kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni miaka mingi. Nikiwa mwanafunzi, katika chuo kingine, tulipewa pendulamu na kuambiwa tutafute mchapuko wa graviti. Kitabu kilisema 9.81. Tukaanza na jibu, kisha tukarudi kinyumenyume hadi kwenye sekunde ambazo saa ingepaswa kuonyesha, tukazijaza kwenye jedwali. Hilo tuliliita kupika data, na tulipata alama nzuri sana. Hakuna aliyetuuliza kitu. Najuta hadi leo, maana nilitoka pale nikiamini kwamba kipimo ni kitu unachokipeleka kwa mwalimu akague kama kinafanana na chake.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu chenye madirisha ya wavu pande mbili. Mabenchi ni ya mninga, yamechakaa na kuchorwa majina ya watu ambao huenda sasa ni wakuu wa shule. Kabatini mna voltimita za mishale, maltimita mpya chache, na springi zilizofungwa kwa raba. Feni sita zinaning'inia darini. Ubaoni, siku ya kwanza niliyofika, kulikuwa na orodha ya majaribio 11 kwa muhula wa wiki 12, na mhadhiri, ambaye kila mtu pale anamwita Dokta, alikuwa amesimama mbele yake na dasta mkononi.

Alifuta saba.

Mhadhiri msaidizi mmoja, kijana aliyemaliza shahada ya uzamili juzijuzi, aliinuka kwenye kiti. "Dokta, optiki inakwenda wapi? Sheria za umeme za Kirchhoff je? Darasani wanafundishwa, halafu maabara wasione?"

Hoja yake si ya kupuuza. Wengi wa vijana wale watakuwa walimu wa sekondari, na mwalimu ambaye hajawahi kupanga lenzi kwa mikono yake atawasomea wanafunzi wake lenzi kutoka kitabuni. Mimi mwenyewe nilihisi hasara pale jaribio la prizimu lilipofutika. Lakini Dokta alikuwa na jibu. Mwaka 2017, alisema, Natasha Holmes, Carl Wieman na wenzao walichapisha utafiti kuhusu kozi tisa katika vyuo vitatu. Walilinganisha wanafunzi waliofanya maabara na wasiofanya, wakaangalia mitihani ya yale yale ambayo maabara ilikusudiwa kuyaimarisha. Faida waliyoiona ilikuwa kama sifuri. "Kama maabara haimsaidii kuielewa zaidi mada ya darasani," alisema, "basi saa zake tatu nizitumie kumfundisha kile ambacho darasa haliwezi. Kupima. Kushuku alichopima. Kuamua afanye nini baadaye."

Kwa hiyo wiki 12 zikagawanywa mara nne: wiki tatu pendulamu, wiki tatu springi, wiki tatu betri za tochi na nyaya, na wiki tatu za mwisho kila kundi litafute swali lake lenyewe. Kijana hakuridhika kabisa. Aliomba lenzi ziwekwe mezani ili atakayetaka azitumie katika zile wiki za mwisho, na akakubaliwa.

Siku ya pili tulifanya jaribio la pendulamu sisi wenyewe, kama wanafunzi. Hii ni sheria ya Dokta: hakuna jaribio linaloingia kwenye mwongozo kabla waliolipanga hawajalitolea jasho. Mzee alikuwa amebandika kipete kidogo juu ya kila gololi kwa gundi. Mshipi aliubana juu kati ya vipande viwili vya ubao, si kuufunga fundo kwenye msumari, kwa sababu fundo huteleza na mshipi hujizungusha, na hapo urefu unabadilika kila gololi inapokwenda na kurudi. Aliacha gololi ining'inie tangu usiku ili mshipi uvutike hadi uchoke kuvutika.

Kijana akapima mita moja kamili, akaivuta gololi pembeni kidogo, akaiachia. Mibembeo 20, mara tano. Saa ya simu ikatoa sekunde 40.3, 40.5, 40.2, 40.4, 40.5. Akapiga hesabu: 9.68.

Kimya. Niliona mkono wake ukitafuta kifutio, na nilimwelewa.

"Umepima hadi wapi?" Mzee akauliza.

Alikuwa amepima hadi juu ya gololi. Pendulamu inahesabiwa hadi katikati ya gololi, na gololi ya milimita 20 ina nusu kipenyo cha milimita 10. Sentimita moja katika mita ni asilimia moja, na asilimia moja ya graviti inatosha kukuaibisha. Kwa urefu wa mita 1.010, sekunde zile zile zilitoa 9.78. Hakuna tarakimu ya saa iliyoguswa.

Hapo ndipo palipo utamu wa jaribio hili, na ndipo Dokta alipotaka kutufikisha. Je, 9.78 ni kweli au ni 9.81 iliyopimwa vibaya? Vile vipimo vitano vya sekunde vinatofautiana. Ukitafuta wastani wake na kuuliza wastani huo unaweza kupotoka kiasi gani, unapata kwamba graviti yetu ni 9.78 na shaka ya kama 0.03 juu au chini. Kwa hiyo 9.81 iko pale pale mlangoni. Huwezi kuifukuza, huwezi kuikaribisha. Kwa pendulamu ya urefu ule, tofauti kati ya namba hizo mbili katika mibembeo 20 ni sekunde 0.06, na kidole cha binadamu hakina wepesi huo.

"Sasa ungefanya nini?" Dokta alimuuliza kijana, na akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu. Nimehudhuria mihadhara mingi iliyonifundisha kidogo kuliko kimya kile.

"Mibembeo mia," kijana akasema hatimaye. Kidole kinakosea kiasi kile kile ukihesabu 20 au ukihesabu 100, lakini tofauti inayotafutwa inakua mara tano, inafika sekunde 0.3.

Mzee akaenda ukutani akazima feni. Upepo wa feni huisukuma gololi pembeni, ikaanza kuchora duaradufu badala ya kwenda na kurudi. Joto likatushukia mara moja. Sekunde mia mbili na kitu si nyingi, ila ukizihesabu kwa jasho, bila kusema neno, ukiogopa hata kukohoa, zinakuwa safari. Tulipotea mara moja lori la mchanga lilipopiga honi barabarani. Mara tatu tulifaulu: 201.8, 202.0, 201.9. Graviti 9.78, shaka sasa 0.01, na sehemu kubwa ya shaka hiyo inatoka kwenye rula, si kwenye saa. Namba 9.81 ilikuwa imebaki nje.

Na ni haki ibaki nje. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Dunia inazunguka, na imetuna kiunoni, hivyo huku kwetu vitu vinaanguka kwa mchapuko mdogo kuliko Ulaya. Hilo liligunduliwa kwa pendulamu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, digrii 5 kaskazini mwa ikweta, akaona inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi aifupishe pendulamu kwa karibu milimita 3. Newton aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba dunia si duara kamili. Namba ya vitabuni, 9.80665 ambayo tunaikata kuwa 9.81, ni makubaliano ya mkutano wa vipimo wa mwaka 1901. Si kipimo cha chumba hiki. Vijana wetu wangapi wameipata 9.78, namba sahihi ya nyumbani kwao, wakaifuta kwa aibu?

Siku ya tatu walibishana kuhusu maneno, na mimi, ambaye maneno ndiyo kazi yangu, nilisogeza kiti. Mwongozo wa zamani uliandika "kosa la kipimo". Dokta alilikata neno hilo kila ukurasa, akaandika "shaka". Kosa lina adhabu ndani yake. Mtoto akiambiwa ana kosa, analificha. Alisimulia kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akina Andy Buffler na Saalih Allie pamoja na Fred Lubben, walioonyesha kwamba wanafunzi wapya wengi huona kila kipimo kama nukta inayoweza kuwa ndiyo jibu lenyewe. Wakipata vipimo vitano vinavyotofautiana, wanatafuta ni kipi cha kweli. Kumbe vipimo husema vikiwa pamoja, kama mashahidi.

Alama nazo zikabadilishwa. Hakuna hata moja itakayotolewa kwa kukaribia 9.81. Kila mwanafunzi atakuwa na kaunta buku moja, itaandikwa kwa kalamu ya wino, haitachanwa ukurasa, na italala maabara. Kipimo kilichoharibika kitapigwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, na pembeni iandikwe sababu.

Jioni hiyo umeme ulikatika, tukakaa kwenye ngazi za nje tukila mihogo ya kukaanga, na Mzee akasimulia habari ya Mpemba. Kila mtu wa fizikia nchini anaijua, ila yeye aliisimulia kwa upande wa fundi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia jokofuni ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, profesa mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya wenzake. Akachekwa tena. Osborne alirudi Dar akampa fundi wake wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu: maji ya moto yameganda kwanza, lakini ataendelea kurudia hadi yapatikane majibu yaliyo sahihi.

"Fundi yule angeweza kuwa mimi," Mzee alisema. "Tulifunzwa hivyo."

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969. Mwaka 2016 wanasayansi wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia majaribio hayo, na hawakupata ushahidi wa kuwashawishi. Walionyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta tofauti inayofanana na ile. Dokta anataka swali hilo liwe miongoni mwa yale ya wiki tatu za mwisho. Tatizo ni jokofu: lipo moja, na umeme ndio huo. Mzee alisema atatafuta la pili.

Nilirudi mwezi wa Novemba, siku ya kipindi cha kwanza cha mibembeo mia. Feni zilikuwa zimezimwa, na juu ya swichi Mzee alikuwa amegundisha karatasi: USIWASHE, WENZIO WANAHESABU. Vichwa 45 vilikuwa vimeinama, chumba kikinong'ona namba. Kwenye benchi la dirishani, binti mmoja na vijana wawili walikuwa wamepata 9.98. Kijana mmoja aliangalia meza ya jirani, akaiona 9.78, akasema kwa sauti ndogo waandike hiyo. Binti alikataa kwa kichwa. Alipiga mstari mmoja juu ya 9.98, akapiga hesabu pembeni, kisha akaandika chini yake kwa wino: nadhani tulihesabu 99. Akaivuta gololi upana wa vidole viwili, akasubiri itulie mkononi, akaiachia.

Niliwaacha wakiwa kwenye thelathini na kitu.