Moteri Inayoning'inia

Fundi wa magari hujulikana siku ya kurudisha moteri, si siku ya kuitoa. Kuitoa, hata mwenye haraka anaweza.

Mwaka 2019, hapa Bukavu, tulikuwa tukirudisha moteri ya pikapu Land Cruiser ya mfanyabiashara mmoja. Ni moteri ya mazuti yenye silinda 6, na uzito wake wapita kilo 200. Tuliifunga kwa mnyororo, tukaitundika katika tawi la mti wa avoka, maana tulikuwa tumefanya hivyo mara nyingi bila hasara. Ilipofika karibu na sanduku la giya, ikabaki nafasi ya kidole kimoja, ikakataa kuingia. Mwanafunzi wetu akatia mkono katika nafasi ile ili apafute. Mara tukasikia tawi linalia. Tukapiga kelele, naye akauvuta mkono. Papo hapo moteri ikaanguka juu ya fremu. Mkono ulipona. Sisi wakubwa tulitetemeka kuliko yeye, kwani sisi ndio tuliochagua tawi lile.

Tangu siku ile tunashika desturi hizi. Kwanza tunatoa batri, na magurudumu tunayazuia kwa mawe. Mnyororo tunaufunga kwenye masikio ya chuma yaliyowekwa kwa kuinulia moteri, na kuutundika juu ya nguzo za chuma, si juu ya mti. Chini ya sanduku la giya tunaweka jeki na ubao. Sahani ya ambrayaji tunaiweka katikati kabisa, maana ikipotoka kidogo tu, moteri haiingii. Nafasi ikibaki, hatuivuti moteri kwa kukaza bulo, kwani chuma kitapasuka. Tunaitikisa polepole na kutafuta sababu. Mkono hautiwi katikati kamwe. Wala hatulegezi mnyororo kabla ya kukaza bulo za miguu ya moteri. Mwishoni tunatia mafuta na maji, tunatoa hewa katika njia ya mazuti, tunaizungusha moteri kwa mkono mara mbili, ndipo tunaiwasha.

Mwenye gari alinung'unika kwamba tulichelewa siku mbili. Alikuwa na haki. Lakini kijana yule leo ni fundi, ana vidole vyake vyote kumi, na juzi tulimsikia akimwambia mwanafunzi wake: «Toa mkono kwanza, halafu uliza.»