Gia ya Kupandia Ndiyo ya Kushukia



Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, ili baba wengine wa jamaa wasije wakalitenda. Ni kosa la usukani, nalo lilikuwa karibu kabisa kuwaua watu sita wa nyumba yangu katika mteremko wa Soni, kwenye barabara itokayo Lushoto kwenda Mombo.

Mimi ni dereva wa zamani. Kazi hii nalijifunza katika lori la misioni, kwanza nikiwa utingo, halafu nikashika usukani. Katika lori lile mambo yalikuwa wazi: klachi, mkono wa gia, breki, na akili yako. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu mkali. Kila tulipofika mahali barabara inapoanza kuteremka, alinisimamisha akaniuliza, “Mlima huu ulipanda kwa gia gani?” Nikijibu, “Ya pili, mzee,” naye husema, “Basi shuka kwa hiyo hiyo ya pili. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Breki ni ya kusimamia, injini ndiyo ya kuzuia.” Maneno hayo nimewafundisha vijana wengi. Hata binti yangu wa kwanza, alipotaka kujifunza udereva, nilimketisha kwenye gari bovu uani, nikamwimbisha hayo kama mtoto aimbishwavyo katekisimu.

Lakini dunia haikai mahali pamoja. Siku hizi bandari ya Dar es Salaam inapokea magari mengi yaliyokwisha kutumika huko Japani. Wajapani hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wao uko kulia, kwa hiyo magari yao yanatufaa. Na mengi ya hayo ni otomatiki: hayana klachi, hubadili gia yenyewe. Mimi niliyadharau. Nilipoyaona nalisema, “Hilo ni gari la wavivu. Mtu anakaa tu kama abiria.”

Basi mwaka 2023 binti yangu alikuja nyumbani na gari la namna hiyo, lenye viti vya watu saba. Tulikuwa na safari ya kupanda Lushoto kwa kipaimara cha mjukuu wetu. Asubuhi aliendesha mwenyewe mpaka juu, nasi tukafika salama. Misa ilikuwa nzuri, watu tele, Baba Askofu akatuasa juu ya kipaji cha shauri jema. Mtakumbuka neno hilo, maana nililisahau kabla jua halijatua.

Wakati wa kurudi nilimwambia binti yangu, “Mwanangu, umechoka, nipe funguo.” Kusema kweli sikumwonea huruma. Nilitaka shemeji zangu waliosimama pale wanione nimeshika usukani. Binti yangu alinipa funguo kwa adabu, akaanza kunieleza: “Baba, hapa ni P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N gari haliko katika gia yoyote, na D ya kwenda. Na pembeni ya D kuna M, yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Hiyo utaihitaji...” Nikamkatiza. “Mama, nimeendesha magari kabla hujazaliwa. Kama gari lina akili ya kujibadilishia gia, liache lifanye kazi yake.” Akanyamaza. Nikaweka D, tukaondoka. Mbele yetu, kwenye kioo, ilining'inia medali ya Mtakatifu Kristofori.

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo ni kama kilomita 33. Aijuaye haihitaji kusimuliwa, na asiyeijua afikirie barabara nyembamba iliyokatwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, kona baada ya kona. Mpaka Soni hapakuwa na neno, ila niliona gari linakimbilia mbele kila nikiondoa mguu kwenye mafuta. Nikakanyaga breki. Likapunguza. Nikaachia, likakimbia tena. Baada ya Soni mteremko ukazidi, nami mguu wangu haukutoka tena kwenye breki. Ndani tulikuwa sita, na nyuma tulikuwa tumepakia viazi, kabichi na matunda, zawadi za ndugu.

Mama watoto ndiye aliyeanza. “Baba nanihii, kuna harufu ya kitu kinaungua.” Nikasema ni lori lililo mbele. Lakini nilijua si lori. Kona iliyofuata nikakanyaga, nikasikia breki imelegea chini ya mguu kama mtu akanyagaye matope. Nikakanyaga tena, ikazama zaidi. Gari lilipunguza kidogo sana. Mbele yetu lilikuwa lile lori, limejaa mbao, linashuka polepole kwa gia yake nzito kama ipasavyo. Jasho likanitoka. Dada yangu alikwisha anza Salamu Maria kwa sauti.

Hapo binti yangu akasema kwa utulivu, kama mtu aongeaye na mtoto asiyetaka kumshtua: “Baba, sukuma mkono wa gia pembeni, uingie M. Sasa vuta nyuma mara moja, kwenye alama ya kutoa.” Nikavuta. Mbele yangu, pale penye saa za gari, ikatokea M3. Injini ikaunguruma. “Vuta tena.” Ikawa M2, na injini ikalia sana hata nikadhani itapasuka. Lakini, ndugu zangu, gari lilishikwa! Nilihisi kana kwamba mtu ametufunga kamba kwa nyuma. Tukafuata lori lile taratibu. Tulipofika mahali palipo na nafasi pembeni, nikakanyaga breki kidogo iliyobaki, nikavuta breki ya mkono polepole, tukasimama.

Moshi ulitoka katika magurudumu ya mbele. Mjukuu alitaka kumwaga maji, binti yangu akamkataza, maana chuma chenye moto mwingi kikimwagiwa maji baridi huweza kupinda au kupasuka. Tulikaa pale kivulini tukasali Rozari nzima tukingoja magurudumu yapoe. Hakuna aliyenilaumu, na kimya kile kiliniumiza kuliko lawama.

Nilipopata sauti nikamwuliza, “Ulijuaje, mwanangu?” Akacheka. “Baba, si wewe uliyeniimbisha? Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Asubuhi tulipanda hapa kwa ya pili.”

Niliona aibu, nami naiona bado ninapoandika. Sheria ile niliijua miaka yote. Ila nilidhani katika gari jipya haina mahali. Tena mtu aliyekuwa bado anaishika ni yule niliyemfundisha, nami nikamkatiza maneno mdomoni.

Sasa nieleze sababu, maana wengi wanaendesha magari haya bila kuijua. Katika D gari hutazama hasa mambo mawili: mwendo wake, na jinsi ulivyokanyaga mafuta. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku mwendo ni mkubwa, gari hudhani uko kwenye tambarare na huhitaji nguvu. Basi huweka gia ya juu, iliyo nyepesi, na katika gia hiyo injini haizuii karibu kitu. Gari halioni kona wala korongo lililo mbele. Yako magari mapya yahisiyo mteremko na kushusha gia yenyewe, lakini si yote, wala haifai kulibahatisha jambo hilo penye roho za watu.

Uzito wote usiozuiwa na injini hubebwa na breki. Breki huzuia kwa kusuguana, na msuguano huleta moto. Moto ukizidi, pedi hupoteza ukali wake. Tena mafuta ya breki, kadiri yanavyokaa, hunyonya unyevu, na yakipata moto sana huchemka na kufanya mapovu. Hapo mguu unakanyaga mapovu, si mafuta, ndiyo maana breki yangu ilizama. Fundi aliyelifungua gari baadaye alituonyesha mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama chai ya rangi. Yapasa kubadilishwa kila miaka miwili hivi. Yale hatukujua yalikuwa na umri gani.

M ndiyo dawa. Ukiingia M, gari ni la otomatiki bado, klachi hakuna, lakini gia unaichagua wewe. Alama ya kujumlisha hupandisha gia, ya kutoa huishusha. Angalieni: katika magari mengine alama ya kutoa iko nyuma, na katika mengine iko mbele, ijueni ya gari lenu kabla ya kuondoka. Msiogope kuliharibu. Ukiomba gia ambayo ingeikimbiza injini kupita kiasi, gari hukataa mpaka mwendo upungue. Na ukisimama, hurudi lenyewe gia ya kwanza. Ule mngurumo ulionitisha si maumivu. Ni injini inafanya kazi ya kuzuia. Hata mafuta hayapotei, kwani katika magari ya siku hizi ukiachia mguu na injini ikasukumwa na magurudumu, petroli hukatwa.

Jambo hili si geni kabisa. Magari ya otomatiki yalianza kuuzwa kwa wingi Marekani tangu mwaka 1939, wakati kampuni ya General Motors ilipotoa gia yake ya Hydra-Matic. Namna hii ya kuchagua kwa mkono ilipata sifa karibu na mwaka 1990, Porsche wa Ujerumani walipoipa jina la Tiptronic. Wao waliitaka kwa raha ya mbio. Sisi wa milimani tunaihitaji turudi nyumbani.

Basi nawaachia mashauri machache, ninyi mlio na gari, na ninyi ambao watoto wenu watakuja nalo Krismasi.

Kwanza, chagueni gia kabla ya mteremko kuanza, si katikati mkiisha kukimbia. Ikiwa gari lenu halina M, tazameni kama lina 2 na L, au kitufe cha O/D ubavuni mwa mkono wa gia. Hizo nazo hulizuia gari lisipande gia ya juu.

Pili, msishikilie breki mfululizo. Kanyageni kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, halafu achieni ipoe, huku injini ikizuia.

Tatu, msiweke N mteremkoni kwa kubana mafuta, wala msizime injini. Katika N injini haizuii kitu. Na injini ikizimwa, usukani huwa mgumu na breki hupoteza msaada wake.

Nne, kwenye utelezi wa mvua msishushe gia kwa ghafula, maana magurudumu huweza kuteleza. Shusheni moja moja.

Tano, na hili ni la abiria: mkisikia harufu ya kuungua, semeni. Dereva akiwakaripia, semeni tena.

Kumbe jambo hili si la gari tu. Ziko nyumba zinazokwenda kwa D. Mtoto anapelekwa shule, anapelekwa kanisani, anaambiwa kula, lala, amka, na kwenye tambarare anakwenda vizuri hata wazazi wanajisifu. Ukifika mteremko wa ujana, hajui kujishushia gia, maana siku zote ilibadilishwa na mwingine. Tuwafundishe mapema kuchagua wenyewe. Nasi wazee tujue kuna saa ambayo mafundisho yetu yatarudi kwetu kwa mdomo wa mtoto. Siku hiyo tusiwe na kiburi cha kuyakataa.

Juu ya Mtakatifu Kristofori, nasadiki alituombea siku ile. Lakini mtakatifu hashiki mkono wa gia. Mungu alikwisha kutupa msaada kabla hatujaondoka Lushoto, nao ulikuwa umeketi kiti cha nyuma, nimeukataza usiseme.

Tangu hapo tumepanda na kushuka mlima ule mara nyingi. Tukifika ukingoni, binti yangu hunitazama tu, nami husema bila kuulizwa, “Ya pili, mama.” Naye hujibu, “Haya, Baba, twende.”