Mwana wa Ifakara alivyofuta wimbo wake wa kwanza, bamdogo akamwekea Mbaraka

Kuna mwana mmoja pale Ifakara, pande za Kibaoni, aliachia wimbo wake wa kwanza. Biti kaipika mwenyewe kwenye laptop ya kuazima, katikati kachomeka mapigo ya sangula, ngoma ya Wapogoro aliyokua akiisikia nyumbani. Washkaji wakamchana bila huruma: ndo nini hii, nusu amapiano nusu ngoma ya bibi? Kesho yake akaufuta kila mahali.

Baba yake mdogo, dalali wa mchele, akamkuta kanuna.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba. Sogea hapa."

Hakumpa pole wala nini. Akatoa simu, akaweka Morogoro Jazz ya miaka ya 1960, Mbaraka Mwinshehe akiwa bado kijana. Rumba ya taratibu, saksafoni zinanukia Cuba. Kwa Morogoro ya wakati ule haikuwa ajabu, maana Salum Abdallah na Cuban Marimba yake walikuwa mji huohuo. Ila sikiliza gitaa la solo, wadau. Mbaraka akimaliza mstari, gitaa linadakia, kama jirani asiyeweza kuacha mtu amalize stori.

Kisha mzee akaruka hadi Super Volcano, bendi ambayo Mbaraka aliianzisha 1973, miaka mitatu baada ya kwenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70. Hapa wimbo unaanza mdogomdogo, ukifika kwenye chemko gitaa ndo linashika usukani, wengine wanalifuata.

"Kumbe lile gitaa lilikuwepo tangu mwanzo?"

"Lilikuwepo. Wewe sangula yako umeitupa wapi?"

Kijana kimya. Tuseme ukweli, wimbo wake ulikuwa na matatizo: besi imemeza sauti, na kiitikio kama cha kila mtu. Lakini mapigo yale hayakuwa tatizo. Hata Sikinde, mtindo uliowabeba Mlimani Park, jina lake limetoka kwenye ngoma ya Wazaramo.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Bamdogo alipolitaja hilo, mwana akauliza leo tarehe ngapi. Laptop ya watu inarudi Jumatatu. Faili bado lilikuwemo. Akaanza na kupunguza besi.