Taa ya Tangi la Samaki na Miguu Mitupu ya Bibi

Taa ya jikoni ikizimika, nyumba nzima hupiga kelele hadi itengenezwe. Taa ya tangi la samaki haina bahati hiyo. Ikianza kukonyeza, mtu hukipiga kofi kifuniko, ikawaka, naye akaenda zake. Waama, kwa samaki wenyewe hilo si msiba. Kinachowaweka hai ni hewa na usafi wa maji, yaani pampu na kichujio. Mwanga wa dirishani wawatosha kwa siku kadhaa, na usiku wanahitaji kiza kama sisi. Hatari ya taa mbovu iko kwetu tunaotia mikono majini.

Tangi letu ni la kioo, urefu wake futi 2 na kitu, na limewekwa ukumbini pembeni mwa dirisha. Ndani mna samaki wadogo wa gapi, ambao huzaana bila kuombwa. Kwa joto la Mombasa hatukuwa na haja ya kipasha maji. Palikuwa na pampu ya kichujio, na juu, ndani ya kifuniko, taa ya florosenti, ule mrija mweupe wa wati 18. Masika ilipoingia, taa ikaanza kukonyeza.

Tulianza na yale ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Plagi huchomolewa ukutani kwanza, wala haitoshi kuzima swichi, kisha mikono hukaushwa. Fyuzi ya plagi ilikuwa nzima. Mrija ukiwa umeingia weusi kwenye ncha zake, umechoka. Na ncha zote mbili ziking'aa rangi ya machungwa bila taa kushika, aghalabu ni stata, kile kikopo kidogo cheupe kinachozungushwa robo na kutoka. Tukabadilisha stata, kisha mrija. (Mrija wa zamani wasipewe watoto kuuchezea, kwani ndani yake mna zebaki.) Taa ikawaka vizuri siku tatu, kisha ikarudia tabia yake.

Siku ya nne, Bibi akatuita baada ya kuwalisha samaki. "Wanangu, maji haya yanitekenya vidole."

Vijana wakacheka, wakasema ni ganzi ya uzee. Kila mmoja wao alikuwa ameshatia mkono mle wiki ile na hakuhisi kitu. Mama ndiye aliyetazama chini. Vijana wote walikuwa wamevaa malapa ya mpira. Bibi hutembea pekupeku nyumbani, tangu tumjuapo, na sakafu ya saruji ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki. Tena tukakumbuka kwamba asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, mlishaji wa samaki ni kitinda mimba wetu wa miaka sita, naye pia malapa huyavaa akikumbushwa.

Hapo tukachomoa kila kitu, taa na pampu pia. Samaki hawakufa. Kila baada ya muda tuliyateka maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Jirani yetu mmoja, mtu wa heri, alituambia tunajisumbua. "Maji yangekuwa na umeme, si samaki wangekuwa wameelea?" Hoja hiyo yasadikika kwa urahisi, na kwa hivyo twaiandika hapa ili tuijibu.

Jibu tulilipata kwa fundi. Alimwamkia Bibi, akavaa viatu vyake vya mpira, akakausha sakafu, kisha akaweka waya mmoja wa kipimo chake majini na mwingine kwenye athi ya soketi. Pampu ilipochomekwa peke yake, kipimo hakikutikisika. Ilipochomekwa taa, kikaruka. Kioo hakipitishi umeme, kwa hivyo umeme uliofika majini haukuwa na njia ya kutoka, ulikaa pale. Samaki alikuwa humo kama kunguru juu ya nyaya za stima. Hadhuriki kwa kuwa hagusi ardhi. Aigusaye ardhi ni mwanadamu aliyesimama pekupeku juu ya saruji yenye maji huku mkono wake umo tangini.

Fundi alipokifungua kifuniko tuliona mambo yalivyokuwa. Mvuke wa maji, pamoja na upepo wa bahari ambao hapa kwetu hula hata bawaba za milango, ulikuwa umezifanya shaba za vishikio vya mrija kuwa kijani. Ndiyo sababu taa ilikonyeza. Mpira wa waya mmoja ulikuwa umepasuka, na matone yaliyoning'inia chini ya bati la kifuniko yakaunganisha waya na bati, na bati na maji. Kisha akafungua plagi. Ilikuwa ya miguu mitatu, nadhifu, imefungwa na muuzaji mwenyewe; lakini ule waya wa athi, wenye rangi ya kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nje ya mahali pake. Ungalikuwa umefungwa, umeme uliovuja ungalikimbilia humo. Kwa macho, plagi ya namna hiyo haina tofauti na plagi nzima, wala wanaochokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili waingize plagi ya miguu miwili hawana ulinzi bora.

Kifuniko kile hatukukirudisha. Sasa tuna taa ya LED ya volti 12 iliyozibwa, yenye alama ya IP67, maana yake yaweza kuzama maji ya mita 1 kwa nusu saa. Adapta yake imefungwa ukutani mbali na tangi. Waya umeachwa uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone likishuka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Fyuzi ni ya ampea 3, si ile ya 13 inayotiwa kila mahali. Juu ya maji tumelaza kipande cha kioo ili kuzuia mvuke. Taa huwaka kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Ikizidi hapo, mwani hufunika kioo.

Bibi bado hawalishi samaki kwa malapa. Ametukatalia. Tulichokubaliana naye ni kwamba hakuna mkono uingiao majini, wake au wa mtoto, kabla plagi zote mbili hazijalazwa juu ya kabati zikaonekana. Tumemwomba pia mwenye nyumba atie kwenye boksi la umeme kile kikata umeme kinachojifyatua umeme ukivuja, cha miliampea 30, kwani boksi letu ni la zamani. Amesema atamleta fundi wake mwisho wa mwezi.