Ukifika Bagamoyo una njaa



Huenda siku moja utakwenda Bagamoyo. Labda una shauri katika ofisi za wilaya. Labda unampeleka mgonjwa hospitali. Labda umeuza ufuta wako na unataka kuona bahari. Utashuka kwenye basi saa sita mchana. Jua ni kali, tumbo linanguruma, na fedha ulizonazo ni chache. Je, utakula wapi?

Swali hili si dogo. Mwaka 1970 lilitumalizia nauli ya kurudi nyumbani.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka minane. Nilikuwa sijaanza shule. Mjomba wangu alinichukua kutoka kwetu, upande wa Kerege, twende mjini kununua jembe na shuka. Tulinunua. Adhuhuri tuliingia katika hoteli moja yenye meza zilizotandikwa vitambaa. Mjomba aliagiza wali na samaki kwa watu wawili. Tulikula tukashiba. Kisha mhudumu akaleta hesabu. Mjomba akatoa fedha za mfukoni. Hazikutosha. Akafungua pindo la msuli wake, akatoa na zile za nauli.

Hatukudhulumiwa. Bei ilikuwa imeandikwa ubaoni, ukutani, juu ya kichwa cha mjomba. Lakini yeye hakujua kusoma, na mimi pia sikujua. Tulitembea kwa miguu mpaka Kiromo, mimi nimebeba shuka na yeye jembe. Usiku ukatukuta huko. Tulilala kwa mtu asiyetujua, naye alitupa uji.

Wewe sasa unajua kusoma. Kwa hiyo simama mlangoni kwanza, usome ubao. Usione haya. Tazama kama bei ni ya sahani nzima, au ni ya samaki peke yake na wali una bei yake. Ukiona neno "samaki" halina bei, uliza kabla ya kukaa, kwa sababu samaki huuzwa kwa ukubwa wake. Fanya hesabu kichwani. Tuseme una shilingi 10,000, na nauli ya kurudi ni shilingi 4,000. Basi huna shilingi 10,000. Una shilingi 6,000. Zile za nauli zifunge mahali pengine, uzisahau.

Samaki wa pwani

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni soko la samaki, kule ufukweni, karibu na majengo ya zamani ya forodha. Ngalawa na mashua hurudi na samaki, na mnada huanza mara moja. Wewe usiingie katika mnada. Pale hununua wachuuzi, nao hununua kwa mafungu makubwa. Nenda pembeni, kwenye moto. Utaona makarai makubwa ya mafuta, na samaki wanakaangwa palepale. Changu, kibua, tasi, ngisi, pweza: utachagua mwenyewe unayemtaka na ukubwa unaouweza.

Ukitaka kununua samaki mbichi, mtazame macho. Macho ya samaki mzuri yanang'aa, hayakuingia ndani. Fungua mashavu yake. Yawe mekundu. Mbonyeze kwa kidole. Nyama ikirudi juu, ni mzuri. Ikibaki shimo, mwache.

Jua pia majira. Upepo wa kusi huvuma kuanzia mwezi wa Aprili hivi mpaka Septemba. Bahari huchafuka, wavuvi wengi hawaendi mbali, na samaki hupanda bei. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mambo huwa nafuu. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ya mwezi wa Januari, usiitegemee mwezi wa Julai.

Jioni tafuta mwuza pweza. Huchemsha pweza, humkata vipande vidogo, akaweka chumvi, ndimu na pilipili. Unaweza kula vipande viwili tu na kunywa supu kidogo. Hakuna atakayekucheka.

Sahani moja, watu wengi

Katika mji huu mdogo utakuta vyakula vya watu wengi. Sababu yake ni ya zamani.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Watu walitembea kwa miezi kutoka Ujiji na Tabora, wamebeba pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wengine waliofika hawakuja kwa hiari yao: walikuwa watumwa, wakisubiri kuvushwa Unguja. Waarabu walikuja kufanya biashara. Wahindi walifungua maduka na kuikopesha misafara bidhaa. Mmoja wao aliitwa Sewa Haji. Alikuwa tajiri aliyewapatia wasafiri wapagazi. Alifariki mwaka 1897. Ukimpeleka mgonjwa Muhimbili, Dar es Salaam, utasikia bado watu wakitaja wodi ya Sewahaji. Wajerumani nao walifanya Bagamoyo makao yao makuu, mpaka walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Watu hao wote walikula. Wengi waliondoka, lakini vyakula vyao vilibaki. Chapati, bajia, achari na biriani vina asili ya India. Halua na kahawa tulivipata kwa Waarabu. Hata muhogo, ambao Mzaramo na Mkwere wanauona ni wao tangu Adamu, ulitoka Amerika. Wareno ndio waliouleta Afrika. Siku hizi muhogo huo hupikwa kwa tui la nazi na papa mkavu, na mimi sijui chakula kinachoupita kwa bei ile.

Kwa hiyo usiogope chakula kwa sababu hukijui jina. Uliza, "Hiki ni nini? Kimepikwa na nini?" Wapishi hupenda kuulizwa. Kama wewe ni Mwislamu, uliza habari za nyama. Kama huli pilipili, sema mapema, maana watu wa pwani hawaihesabu kuwa ni kitu.

Kwa mlo wa mchana, nenda kwa mama lishe. Wengine humwita mama ntilie, yaani "nitilie," kama mteja anavyosema akinyoosha sahani yake. Wali wa nazi, maharage, mchicha, na kipande cha samaki. Ukiona waendesha bodaboda na mafundi wamejaa benchi, kaa hapo. Watu hao hufanya kazi ngumu na hawana fedha za kuchezea. Wakirudi mahali kila siku wana sababu.

Lakini tazama usafi kabla ya kukaa. Je, kuna maji ya kunawa na sabuni? Je, sufuria zimefunikwa? Je, chakula kinatoka moshi, au kimepoa tangu asubuhi? Maji ya kunywa yamechemshwa? Nafuu ya shilingi mia tano haina maana ukirudi kijijini na kipindupindu.

Jambo jingine. Wenyeji wengi wa Bagamoyo ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani utakuta sehemu nyingi za chakula zimefungwa mchana, au zimewekwa pazia. Usilalamike. Subiri saa kumi alasiri, ndipo futari huanza kupangwa barabarani: magimbi, viazi vitamu, tambi, uji wa pilipili manga, mkate wa kumimina. Nimewahi kufika siku kama hiyo bila kujua. Nilishinda na njaa, lakini jioni ile sikuijutia.

Ukipita Dar es Salaam

Kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam ni kama kilometa 70. Huko mji ni mkubwa na mgeni hupotea upesi, lakini kanuni ya ubao ni ileile.

Kariakoo utakuta chakula cha mikoa. Soko lenyewe liliungua mwezi wa Julai 2021, lakini mitaa yake haikuacha kupika. Huyu anapika mtori wa Kilimanjaro, yule ndizi za Bukoba, mwingine makande ya Upare. Mtu wa Bara aliyechoka na nazi atapona hapo.

Kisutu ni mtaa wa mahekalu ya Wahindu. Wahindu wengi hawali nyama, kwa hiyo katika migahawa yao hutaiona kabisa. Mara ya kwanza nilidhani nitalala na njaa. Nililetewa sinia la chuma lenye mabakuli madogo: dengu, viazi, mtindi, achari, na chapati nyembamba. Nilikula kwa mkono wa kulia kama nyumbani. Katika baadhi ya migahawa hiyo huongezewa bila malipo mpaka useme basi. Uliza kwanza kama ndivyo ilivyo. Dengu zile hata wewe unaweza kuzipika kijijini kwako.

Kahawa

Ukirudi Bagamoyo jioni, sikiliza. Utasikia vikombe vinagongana, ka-ka-ka. Huyo ni mwuza kahawa na dele lake juu ya makaa. Kahawa yake ni chungu, haina sukari. Utamu unatoka katika kashata. Kwa bei ya kikombe kimoja utakaa barazani na wazee, utasikia habari za mji mzima, na utaambiwa kesho ule wapi. Mimi habari zangu nyingi nilizipata hapo.

Mjomba alijiunga na kisomo cha watu wazima kijijini. Mwaka 1975 alikuwa anasoma. Mwaka uliofuata tulikwenda tena Bagamoyo pamoja. Alinipeleka mpaka kwenye ile hoteli yenye vitambaa. Hakuingia. Alisimama mlangoni akausoma ubao kwa sauti, neno moja moja, kutoka juu mpaka chini, na bei zote. Waliokuwa ndani waliacha kula wakamtazama. Mhudumu akamkaribisha.

"Ahsante, bwana," mjomba akasema. "Nilikuwa nasoma tu."

Tukashuka pwani kwenye makarai. Tulikula changu wawili wa kukaanga na muhogo, kisha tukaenda barazani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mjomba aliniagizia kikombe changu mwenyewe. Alihesabu chenji mara mbili, akalifunga pindo la msuli, tukaenda kupanda gari.